Hii Namba 2147483647 ni ya Nani?

Wasomaji wangu habari za siku nyingi. Kawaida kwenye safu hii naletewa mchanganyiko, riba ya kikoba, kiwanja ambacho pembe zake hazilingani, mtoto anayelia na sehemu za desimali, lakini safari hii nimekaa na namba moja tu wiki nzima na bado haijanichosha, kwaiyo maswali mengine naomba yasubiri toleo lijalo. Swali la kwanza ndo lililoanzisha yote. Nililiweka kwenye status yangu ya WhatsApp kabla sijalijibu, na hayo mengine matatu yakaja humo humo.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nina duka la nyavu na vifaa vya uvuvi hapa Kirumba karibu na Mwaloni. Mwaka jana kijana mmoja alinitengenezea programu ya kompyuta ya kutunza wateja na madeni. Juzi nataka niwatumie meseji kwamba nyavu za dagaa zimeingia, nafungua orodha nakuta wateja zaidi ya mia mbili wote wana namba moja ya simu, 2147483647. Wachache wana namba zao kabisa ila sifuri ya mbele haipo. Hiyo namba nikiipiga haiendi popote. Kijana mwenyewe yuko Dar hapokei simu. Shemeji yangu kaniambia hizo namba ni za Freemason nifute programu yote, na mimi humo ndo kuna madeni yangu. Mwalimu hiyo namba ni ya nani?
Mama Nyavu, Kirumba

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Kwanza usifute kitu. Mwombe mtu akunakilie hiyo programu yote kwenye flashi leo leo kabla hujaendelea kusoma, madeni yako yasije yakapotea kwa sababu ya hofu.

Hiyo namba si ya mtu. Ni kompyuta inakuambia imejaa.

Ntakuelezea kwa bao, maana bao hakuna asiyelijua. Bao letu lina mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane manane. Sasa ndani ya kompyuta, fundi akisema "hapa ntaweka namba", mara nyingi kompyuta inampa bao la namna hiyo hiyo, nafasi 32, wao wanaziita biti. Kila shimo linaruhusiwa kuwa na kete moja au kuwa tupu, basi, hamna kete mbili. Ila thamani ya mashimo hailingani: kete ikikaa shimo la kwanza inahesabika 1, shimo la pili inahesabika 2, la tatu 4, la nne 8, la tano 16, kila shimo mara mbili ya lililopita. Ukitaka kuandika 13 unaweka kete kwenye shimo lenye thamani ya 8, lenye 4 na lenye 1. Namba yoyote inaandikika hivyo na kwa njia moja tu, jaribu mwenyewe na punje za mahindi.

Shimo la 32 halihesabiwi kama wenzake, limewekwa kando kwa kazi ya kuonyesha kama namba iko juu ya sifuri au chini ya sifuri. Kwaiyo ya kuhesabia yanabaki 31. Na shimo la 31 peke yake lina thamani ya 1,073,741,824. Ukiyajaza yote 31, kila shimo na kete yake, jumla inakuja 2,147,483,647, yaani bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Hapo bao limejaa, hamna pa kuweka kete nyingine. Na ukitaka kujua kwa nini inaishia na 7 na siyo namba ya kulingana vizuri, angalia mashimo matatu tu: 1 na 2 na 4 ni 7, imepungua moja kufika 8. Mashimo manne ni 15, imepungua moja kufika 16. Siku zote inapungua moja. Namba yako ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 31, alafu ukatoa moja.

Sasa wateja wako. Wale ulioandika namba zao kwa kuanzia 255, mfano 255754 na kuendelea, kwa kompyuta hiyo siyo simu, hiyo ni bilioni mia mbili hamsini na tano na ushee, zaidi ya mara mia moja ya kile bao linachobeba. Kuna programu zingekataa na kukupigia kelele, ya kwako yenyewe imenyamaza ikaandika kubwa kuliko zote inayoiweza, na ndo maana wote wamelingana. Wale wachache ulioandika kwa 07 wameenea kwenye bao maana milioni mia saba na kitu ni ndogo, ila sifuri imeanguka kwa sababu kwenye hesabu 0754 na 754 ni kitu kimoja. Kwaiyo hata bila kuiona kompyuta yako naweza kukuambia nani uliandika kwa 255 na nani uliandika kwa 07. Hii shida iko dunia nzima mama, na Marekani inasumbua zaidi maana kule namba zao za simu zina tarakimu kumi na 214 ni tarakimu za mwanzo za simu za mji wa Dallas, kwaiyo ukiiandika 214-748-3647 inakaa kabisa kama simu ya mtu wa Dallas.

Dawa yake: fundi yeyote anayejua databesi amwambie kompyuta kwamba simu ni maandishi, siyo namba. Namba ya simu huijumlishi wala huizidishi, ni jina tu lililoandikwa kwa tarakimu. NIDA hivyo hivyo, tena NIDA ina tarakimu 20 na hata bao kubwa la nafasi 64, ambalo mwisho wake ni 9,223,372,036,854,775,807, haliwezi kuibeba, hesabu hizo tarakimu utaona ni 19. Zile simu mia mbili zilizogeuka hazirudi kwa kubadilisha programu, nasikitika kukuambia hivyo, itabidi uzitafute kwenye daftari la zamani, kwenye meseji za malipo, kwenye simu yako mwenyewe.

Na kitu kimoja ambacho hukuuliza lakini kinanihangaisha zaidi ya simu. Muulize fundi ile sehemu ya jumla ya mauzo imewekwa kwenye bao la 32 au la 64. Mtu anayehesabu kwa dola inamchukua muda kufika bilioni mbili, sisi kwa shilingi tunafika haraka sana, duka linalouza milioni tatu kwa siku jumla yake inavuka hapo ndani ya siku 716, hata miaka miwili haijaisha. Siku hiyo jumla itaganda kwenye namba hii hii au itageuka kuwa deni, na utamshuku kijana wa kaunta bure. Mkague kompyuta kwanza.

Shemeji mwambie namba hii naifahamu, haina ubaya wowote.

SWALI: Mwalimu mi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Nyegezi. Nimeona ile namba kwenye status nikamuuliza braza akasema hiyo ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Nimegawa kwa 3, 7, 11, 13, nimeenda mpaka 97 zote zinabakiza. Lakini nikiishia 97 nimethibitisha nini? Na kama sijathibitisha, nigawe mpaka wapi, maana kugawa mpaka bilioni mbili haiwezekani.

JIBU: Swali lako limenifurahisha mpaka nimelisoma mara tatu. Ni kweli ukiishia 97 hujathibitisha kitu, umeonyesha tu kwamba vigawo vidogo havipo, na hapo umewashinda watu wazima wengi wanaojaribu mara nne wakasema tayari.

Huhitaji kufika bilioni mbili. Vigawo vinakuja wawili wawili, mmoja akiwa mkubwa mwenzake ni mdogo, kwaiyo mdogo hawezi kuzidi kipeuo cha pili. 46,340 mara yenyewe ni 2,147,395,600, bado hatujafika, 46,341 mara yenyewe ni 2,147,488,281, tumepita. Basi ukijaribu namba tasa zote mpaka 46,340 na zote zikabakiza, umemaliza. Ila hizo tasa ni zaidi ya 4,700. Ukitumia dakika tano kwa kila moja, kwa penseli, ni karibu masaa 400, na ukikosea moja kazi yote imeharibika.

Sasa nikuonyeshe alichofanya mtu mmoja anaitwa Leonhard Euler. Mswisi huyo, aliyekuwa anaishi Saint Petersburg kule Urusi. Mwaka 1772 barua yake ilichapishwa akieleza kwamba namba hii hii ni tasa. Alikuwa na miaka kama 65 na macho yake yalikuwa karibu hayaoni kabisa, mahesabu anayafanya kichwani na wengine wanamwandikia. Hakugawa mara 4,700. Aliona njia.

Chukua 7 kwanza. Anza na 1, zidisha kwa mbili unapata 2, zidisha tena 4, zidisha tena 8, lakini sisi tunataka baki tu ukigawa kwa 7, kwaiyo 8 ni 1. Umerudi ulipoanzia! Mzunguko wa hatua tatu. Basi hatua ya 3 uko kwenye 1, ya 6 uko kwenye 1, ya 9, mpaka ya 30 uko kwenye 1, hatua ya 31 uko kwenye 2, toa moja, baki 1. Umegawa namba ya bilioni mbili kwa 7 bila kugawa. Kwa 3 mzunguko ni wa hatua mbili, kwa 11 ni wa hatua kumi, na zote mbili zinakupa baki 1 pia, linganisha na ulizopata kwenye daftari lako.

Sasa geuza. Tuseme kuna tasa fulani inayoigawa namba yetu bila baki. Maana yake ukizidisha kwa mbili mara 31 unarudi kwenye 1 kamili. Yaani mzunguko wa hiyo tasa lazima uingie kwenye 31 bila kubakiza, na 31 yenyewe ni tasa, haina kitu cha kuingia ndani yake zaidi ya 1 na 31, na mzunguko wa hatua moja hauwezekani kwa sababu ingebidi 2 iwe sawa na 1. Kwaiyo mzunguko wake ni 31, hamna jingine. Na Fermat, Mfaransa wa miaka ya 1600, alishaonyesha kwamba kwa tasa yoyote isiyokuwa 2, ukienda hatua pungufu ya moja ya hiyo tasa lazima urudi kwenye 1: kwa 7 ni hatua 6, kwa 11 ni hatua 10. Basi 31 lazima iingie kwenye hiyo tasa ikitolewa moja. Na tasa ni witiri, ukitoa moja inakuwa shufwa, kwaiyo siyo 31 tu, ni 62. Kigawo chochote cha namba hii lazima kiwe 62 mara kitu fulani ukajumlisha 1.

Soma hapo tena taratibu, mi nilisoma mara nyingi kabla haijakaa. Kwa mstari mmoja wa kufikiri tasa karibu zote 4,700 zimeanguka, na 3, 7, 11, 13 mpaka 97 ulizohangaika nazo hakuna hata moja iliyostahili kujaribiwa.

Euler akaongeza chujio la pili: kigawo hicho ukikigawa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Sababu yake inatokana na kwamba 2 ikizidishwa mara 32 ni kipeo cha pili cha namba kamili, hiyo tutaikalia siku nyingine maana inataka ukurasa wake. Ukiunganisha machujio mawili inatoka hivi: gawa kwa 248, baki iwe 1 au 63. Basi. Hebu tuziite kwa majina: 63, hiyo si tasa. 249 ni 3 mara 83. 311, hii ni tasa, ijaribu: 311 mara 6,905,092 inabakiza 35, imegoma. 497 ni 7 mara 71. 559 ni 13 mara 43. 745 inaishia na 5. 807 na 993 zinagawanyika kwa 3. 1055 inaishia na 5. 1241 ni 17 mara 73. 1303 ni tasa, ijaribu: 1303 mara 1,648,107 inabakiza 226, imegoma. Unaona? Kutoka 1 mpaka 1303 umegawa mara mbili tu. Ukienda hivyo mpaka 46,340 walioitwa jumla ni 372 ukiondoa 63, na ndani yao tasa ni kama 80 hivi. Kazi ya wikiendi. Hizo mbili za mwanzo nilizifanya mwenyewe kwa karatasi Jumapili umeme ulipokatika, na nilivyopata ile 35 nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza vizuri hapa.

Angalizo moja, usidhani kila ukichukua 2 ikazidishwa mara tasa fulani ukatoa moja unapata tasa. Mara 11 ni 2047, na 2047 ni 23 mara 89. Angalia hizo mbili ukizitoa moja moja: 22 na 88, zote 22 inaingia, ile sheria yetu inafanya kazi. Cataldi wa Italia mwaka 1603 aliandika kwamba 23, 29, 31 na 37 zote zinatoa tasa, akapatia 31 peke yake, kwa 23 mfano ni 47 mara 178,481. Wafaransa walikuwa na mtawa wao Mersenne ambaye mwaka 1644 alitoa orodha yake na 31 ikiwemo, na jina lake ndo limebaki kwa tasa za aina hii. Lakini kusema ni tasa na kuonyesha ni tasa ni vitu viwili, na kwa 31 aliyeonyesha akaeleweka ni Euler.

Na kabla sijakuacha, angalia jirani zake. 2,147,483,648 ni mbili tupu, mbili mara mbili mara mbili mpaka mara 31. Jirani wa upande wa pili 2,147,483,646 ni 2 mara 3 mara 3 mara 7 mara 11 mara 31 mara 151 mara 331, yaani imevunjika kama sahani. Katikati yao hii moja haivunjiki. Na waliotengeneza kompyuta hawakuichagua kwa sababu ni tasa, walijaza tu mashimo 31. Bao la nafasi 16, ukiacha ile ya alama, linaishia 32,767 na hiyo ni 7 mara 31 mara 151. Lile la 64 mwisho wake unagawanyika kwa 7, tena kwa 73, kwa 127, na vingine. La 32 ndo limeangukia kwenye tasa, hapo ndo mimi huwa naweka kalamu chini.

SWALI: Mwl, natengeneza simu na kompyuta Buzuruga. Nasikia mwaka 2038 kompyuta zote zitazima kwa ajili ya hiyo namba uliyoweka status. Kweli?

JIBU: Zote hapana, ila chanzo ni namba hiyo hiyo kweli. Mashine nyingi zinahesabu saa kwa sekunde kuanzia mwanzo wa mwaka 1970 saa za Greenwich, na zile zinazotunza hizo sekunde kwenye bao la 32 zitajaa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu, hapo zitakuwa zimehesabu sekunde 2,147,483,647. Sekunde inayofuata haigandi kama simu za yule mama wa Kirumba, inageuka. Fikiria dashibodi ya pikipiki ya zamani, 99999 ukiongeza kilomita moja inasoma 00000. Humu kete ya ziada inaangukia kwenye lile shimo la 32, la alama, na namba inasomeka hasi 2,147,483,648, na mashine inaamini ni tarehe 13 Desemba 1901 karibu saa sita usiku.

Simu na kompyuta za sasa nyingi zimeshahamia 64, na mfumo wa Linux tangu mwaka 2020 hata kwa mashine za 32 wameweka njia ya kutoka. Wa kuwaangalia ni vifaa vya zamani ambavyo mtu anavifunga ukutani anavisahau, mashine za mlangoni, rekoda za kamera, vipima na vidhibiti vya mitambo. Ukiwa nacho benchi na mwenye mali karuhusu, nakili taarifa zake, weka tarehe ya 2039 uone kinafanyaje. YouTube yalishawakuta mapema kwa upande wa kuhesabu watazamaji, video moja ya muziki kutoka Korea Kusini mwaka 2014 ilipita namba hii ikabidi kaunta yao iwe ya 64.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzazi nipo Nansio, Ukerewe. Binti yangu kamaliza kidato cha sita anataka kusoma hesabu chuo kikuu, hesabu tupu siyo uhasibu. Kutwa yuko na namba kama hizi zako. Mimi nimesomesha kwa mitumbwi miwili na ziwa siku hizi mnaliona lilivyo. Nataka kujua kwa ukweli, namba kutogawanyika ina faida gani kwa mtu?

JIBU: Mzee wangu shikamoo. Sitakudanganya kwamba kila anayesoma hesabu anapata kazi mwezi unaofuata, ila kuhusu namba hii naweza kukujibu kwa yaliyotokea.

Zamani sana, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Mgiriki Euclid alionyesha kwamba tasa za aina hii zinazaa namba kamilifu, yaani namba ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote ukiiacha yenyewe unapata yenyewe. 6 ni 1 na 2 na 3. 28 ni 1 na 2 na 4 na 7 na 14. 28 imetoka kwa 4 mara 7, na 7 ndo tasa yake. Namba yetu inazaa 1,073,741,824 mara 2,147,483,647, ambayo ni 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya nane tangu mwanzo. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow akaandika kitabuni kwamba hiyo kamilifu ndo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa sababu namba hizi ni za kustaajabisha tu, faida hazina, na hakuna atakayehangaika kutafuta zaidi. Aliuliza swali lako mzee, akajijibu. Mwaka 1876 Mfaransa Lucas akaonyesha kwamba 2 ikizidishwa yenyewe mara 127 ukitoa moja ni tasa pia, na Oktoba 2024 ikatangazwa tasa ya 2 ikizidishwa mara 136,279,841 ukitoa moja, ina tarakimu 41,024,320. Watu wamehangaika na wanaendelea.

Na faida ilikuja kutoka upande ambao Barlow asingeweza kuuona. Kompyuta haijui kubahatisha, inafuata amri tu. Lakini watu wanaihitaji ibahatishe: anayepima mafuriko yatafika wapi kwa kujaribu mvua za aina elfu, anayechagua kaya za kuhojiwa bila upendeleo, hata mchezo wa kwenye simu wa kuchanganya karata. Njia moja iliyotumika sana, Park na Miller waliipendekeza mwaka 1988, inasimama juu ya namba yetu. Unaanza na namba yoyote kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646, unazidisha kwa 16,807, unagawa kwa 2,147,483,647, baki ndo namba yako ya bahati, alafu unairudisha hiyo baki unafanya tena. Kwa kuwa kigawanyo ni tasa na 16,807 imechaguliwa vizuri, huwezi kukwama kwenye sifuri wala kurudia namba mpaka umepita zote 2,147,483,646, kila moja mara moja tu. Kigawanyo kikivunjikavunjika kama yule jirani wa chini, hupati mzunguko kamili kama huo. Kwa siri nzito kama za benki wanatumia njia nyingine ngumu zaidi, hii mtu anaweza kuikisia, lakini kwa kazi za majaribio imebeba mengi.

Mambo ya ada ni ya kwako na yeye mkae mzungumze, mimi siwezi kuingia humo. Ila kabla hamjakaa mpe karatasi na kikokotoo, aanze na 1. Hatua ya kwanza ni 16,807. Ya pili ni 282,475,249, bado haijafika kigawanyo. Ya tatu ndo itavuka na kubakiza 1,622,650,073. Mwambie akuelezee kwa maneno yake, hapo hapo uani, kwa nini haitagusa sifuri hata akiendelea mpaka kesho, na hatua ya nne inatakiwa itoke 984,943,658.